Siku Mbili Ndani ya Droo

Ilikuwa siku ya mishahara na ukumbi wa benki ulikuwa umejaa pomoni. Feni mbili za darini zilizungusha joto lile lile, na foleni ilikuwa imejikunja mara tatu. Ndipo mlango wa kioo ukafunguka, akaingia mwanamume ambaye hakuna aliyemtarajia. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, suruali ya kaki na viatu vyeusi vinavyong'aa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiburuta kidogo. Hakuitazama foleni. Alikwenda moja kwa moja hadi dirisha la nne, akabana visigino, akasimama wima, mikono ubavuni.

Nyuma ya dirisha hilo alikaa afisa mikopo wa tawi, mwanamke wa miaka thelathini na moja ambaye wenzake walimwita Mama Kanuni, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuwahi kupokea fomu yenye hata doa la wino.

"Kaka, foleni inaanzia kule mlangoni," alisema bila kuinua macho.

"Ndiyo, afande."

Akainua macho. "Mimi si afande."

"Ndiyo, af... ndiyo, dada. Mlinzi ameniambia mkopo wa nyumba wa askari wastaafu hauna foleni."

"Hauna foleni kwa sababu hauna watu. Wengi huchokea njiani kabla ya kufika hapa." Akamwona bado kasimama kama mlingoti. "Haya, pumzika basi, jeshi."

Na yule mtu, mbele ya ukumbi mzima, akatanua miguu kwa kishindo na kufunga mikono nyuma. Foleni yote ikaangua kicheko. Keshia wa dirisha la tatu, shoga yake Mama Kanuni, alicheka mpaka akapoteza hesabu ya noti. Mama Kanuni alijikaza, akajikaza, kisha naye akashindwa. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu acheke akiwa kazini.

Alipoketi, yule askari akaeleza shida yake kama mtu anayetoa ripoti. Alikuwa koplo, ametumikia miaka kumi na mbili, ameachishwa kwa heshima baada ya kuumia mguu. Nyumba aliyotaka kuinunua ni ile ile ambayo yeye na mama yake walikuwa wamepanga kwa miaka kumi na tisa. Mwenye nyumba alikuwa anaiuza, na tayari alikuwa na mnunuzi mwenye fedha mkononi.

"Kwa heshima ya mama amenipa wiki nne. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni. Ikipita hapo, basi." Akainamia dirisha. "Mama haoni, dada. Alipofuka mimi nikiwa mpakani. Ile nyumba anaijua kwa mikono yake. Ukimtoa mle ndani, utakuwa umempofusha mara ya pili."

Mama Kanuni akavuta fomu ya kurasa tisa.

Mkopo ule ulikuwa na karatasi zake: cheti cha kuachishwa jeshi, barua ya pensheni, nakala ya hati ya nyumba, ripoti ya mthamini. Kila karatasi ilizaa simu, na kila simu ikawa ndefu kuliko ya jana.

"Dirisha la Nne, Koplo hapa. Barua ya pensheni imepatikana."

"Ina muhuri?"

"Ina mihuri mitatu. Mmoja nimeuongeza mimi kwa viazi."

"Koplo!"

"Nakutania, kipenzi cha kanuni. Umekula?"

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Nauliza nje ya fomu."

"Nje ya fomu, nimekula. Sasa sikiliza. Mpaka faili lako litoke mezani kwangu, mimi ni afisa na wewe ni mwombaji."

"Na likishatoka?"

Akakata simu, akabaki anaitazama huku akitabasamu peke yake. Shoga yake akagonga kioo kinachowatenganisha. "Mwombaji anaomba nini hasa, mwenzangu? Nyumba au mwenye dirisha?"

Siku moja alimuuliza kwa sauti ya kazi, kama swali la kawaida tu, kama ana familia. "Sina mke, sina mtoto," alijibu Koplo. "Nina mama." Usiku ule Mama Kanuni alilala usingizi wa pono.

Kanuni zilimtaka afisa aikague nyumba kwa macho yake. Alikwenda Jumamosi pamoja na mthamini, amevaa gauni la kijani lenye vifungo hadi chini, ambalo kwa kweli halikuwa la kukagulia nyumba. Mthamini alipokuwa akipima kuta kwa futi yake, mama yake Koplo alimshika mgeni mkono, akaupapasa ukosi wa gauni.

"Kitambaa kizuri. Umelivaa kwa ajili ya benki au kwa ajili ya mwanangu?"

"Mama!" Koplo aliita kutoka jikoni.

"Nyamaza huko, sikukuuliza wewe."

Akamtembeza. Hapa ufa wa ukutani unaomwambia amefika mlango wa chumba. Hapa, kando ya mlango wa baraza, msumari uliochomoza, anaoupitishia kidole kila asubuhi. Hapa sakafu inaposhuka kidogo kuelekea jikoni. Hakugusa kiti, hakusita hata mara moja. Walipofika barazani aliketi, akaendelea kuushika mkono ule.

"Jibu likitoka, uje uniambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Huyu mwanangu akiwa na habari mbaya huzificha, anaanza kuniimbia nyimbo za gwaride. Ninachoka kukisia."

"Hata likiwa baya, mama?"

"Likiwa zuri nitasikia kelele zake tu. Likiwa baya ndiyo uje."

"Nitakuja, mama. Nakuahidi."

Kamati ya mikopo huko makao makuu ilikaa Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, na mafaili yalipokelewa mpaka Jumanne saa sita mchana. Jumatatu ya wiki ya mwisho Koplo alileta fomu, imejazwa yote kwa herufi zilizosimama kama askari gwarideni. Alipoondoka, Mama Kanuni akaifungua na kuanza kuikagua. Ukurasa wa saba uliuliza: *Taja watu wote wanaokutegemea.* Koplo alikuwa ametaja mama yake. Chini yake, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Chini yake, watoto wanne.

Alisoma mara tatu.

Kanuni ilisema wazi: fomu ikiwa na utata, afisa ampigie mwombaji simu siku hiyo hiyo. Hakupiga. Aliogopa jibu. Alilifunga faili, akalitia droo ya chini, akaifunga kwa ufunguo. Jioni simu ikaita, akaiacha iite. Ikaita tena.

Jumanne, saa sita kasorobo, tarishi alipita na mfuko wake wa mafaili. "Dada, kuna la kwenda leo?"

"Hakuna," alisema, huku goti lake likiwa limeegemea droo.

Jumatano asubuhi hatimaye alipokea.

"Dirisha la Nne! Tangu juzi napiga. Nimekukosea nini?"

"Muulize mkeo."

"Nani?"

"Mkeo, Koplo! Ukurasa wa saba. Na watoto wako wanne. Umewaandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri kweli. Na mimi mjinga nakaa nakuhesabia vijiko vya chakula nilivyokula!"

Koplo akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati.

"Yule ni mke wa Sajini wangu," alisema. "Mjane wake. Sajini alifia mapajani mwangu. Alikuwa anasema tu, 'Watoto wangu, watoto wangu.' Nikamwambia ndiyo, afande. Nusu ya pensheni yangu inakwenda kwao kila mwezi. Fomu imeuliza nani wanaonitegemea. Jeshini ukiulizwa swali, unajibu lile swali."

Mama Kanuni alishika meza. "Fomu inakusudia wanaokutegemea kisheria, Koplo. Mke wa ndoa. Watoto wako."

"Haikusema hivyo."

"Haikusema."

"Basi nije niandike upya? Au faili lilishaondoka jana?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Alifungua mdomo, akaona aibu ikimfunika kichwa kizima. "Njoo," alisema. "Njoo tu."

Koplo alikuja akihema. Akaandika upya ukurasa wa saba, jina la mama yake peke yake. Alipotakiwa kuchora mstari juu ya ukurasa wa zamani, kalamu ilikwama kwenye jina la mtoto mdogo.

"Ni karatasi tu," Mama Kanuni alimnong'oneza. "Haiwaondoi popote."

Alipoondoka, Mama Kanuni alikodi gari, akalipeleka faili makao makuu mwenyewe. Karani wa mapokezi hakulipokea. "Orodha ilifungwa jana saa sita, dada. Wewe si ndiye unayetufundisha kanuni kila semina?"

Alibembeleza. Aliandika barua palepale, amesimama, akikiri kwamba mwombaji hana kosa, kwamba faili lilichelewa kwa uzembe wake yeye, na kuomba lisikilizwe kesho. Karani akamhurumia, akaipeleka barua juu. Alhamisi nzima hakula. Kila simu ilipoita kwenye dawati, aliinyakua kabla haijaita mara ya pili. Ijumaa saa tisa alasiri majibu yakaja katika bahasha mbili. Ya kwanza: faili litasikilizwa kikao kijacho, baada ya wiki mbili. Ya pili ilikuwa ya onyo kali, na ilimwondoa dirisha la nne mpaka uchunguzi uishe.

Alimpigia mwenye nyumba, akaomba wiki mbili, akaomba hata moja.

"Binti, yule mama namheshimu sana," alisema mwenye nyumba. "Lakini mnunuzi amekaa hapa sebuleni kwangu na fedha zake. Nilisema saa kumi na moja."

Shoga yake alimkuta chooni, analia huku bomba la maji limefunguliwa ili asisikike.

"Nisikilize. Mtumie ujumbe. Andika kamati haikulipitisha, pole sana. Si uongo! Nani atakwenda kuchungulia droo yako?"

"Nilimwahidi mama yake nitakwenda mwenyewe."

"Nenda basi, sema kamati, urudi. Ukiwaambia ya droo umempoteza yule mwanamume, na unampenda, usinidanganye."

"Nampenda," alisema, na lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kulitamka kwa sauti.

Alifika saa kumi na moja kasoro robo. Mama alikuwa barazani, ameinamisha kichwa kusikiliza lango. Koplo alikuwa nyuma yake, shati limepigwa pasi kama siku ile ya kwanza, macho yakimmeza mgeni.

"Ni wewe," mama alisema. "Umekuja polepole. Basi ni baya."

"Ni baya, mama." Alipiga magoti mbele yake. "Nyumba imekwenda. Na kamati haina kosa. Kosa ni langu. Faili lilikaa siku mbili ndani ya droo yangu. Niliona jina la mwanamke, nikashikwa na wivu, nikashindwa hata kupiga simu kuuliza. Ningelituma Jumanne, pengine leo tungekuwa tunashangilia."

Koplo alisogea hatua moja. "Nilikuuliza kama liliondoka."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia njoo."

"Nikakuambia njoo."

Mama aliunyoosha mkono wake ukutani, akaukuta msumari, akaupapasa kwa kidole mara nyingi.

"Sitakuambia si kitu, mwanangu," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ni kitu. Ni kitu kikubwa."

"Ndiyo, mama."

"Lakini angalau nimejua. Sasa inuka, sakafu hiyo ina baridi."

Koplo akaingia ndani. Ikasikika kabati likifunguliwa, vyombo vikigongana, kitu kikianguka. Mama Kanuni alisubiri aambiwe aondoke. Koplo alirudi akiburuta sanduku kubwa la bati, uso umelowa, hata hakujisumbua kuufuta.

"Chumba nilichokitafuta mapema, endapo tungeikosa nyumba, kina ngazi tatu mlangoni," alisema, akitazama sanduku. "Mama atahitaji mtu wa kuzipanda naye. Mara nyingi, mpaka azizoee. Mimi kwa mguu huu nitamwangusha."

"Nitakuja. Kila siku nitakuja."

"Nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nina hasira mpaka nimelipakia sanduku ovyo, halifungi. Unaona?"

"Naona, Koplo."

Akapangusa macho kwa kiwiko, akainama, akashika mpini mmoja wa sanduku.

"Shika huko," alisema. "Ni zito."

Akashika.