Kisigino Penye Ufa

Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilizimika katikati ya tuta la kuvukia bonde, mahali pabaya kuliko pote. Kulia mafunjo, kushoto mafunjo, na mbele ya magurudumu maji mekundu ya mlimani yalikuwa yanaikata barabara. Lameck, dereva, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Nilisema tusubiri mvua ipite," alisema Kokwijuka.

"Usharika unatusubiri," akajibu Ta Egbert, mzee wa kanisa, aliyebanwa katikati yao ndani ya koti lake la suti, shoka limelala magotini. "Bwana atatuvusha."

"Bwana alikupa na macho, Ta Egbert."

Mzee akaguna. Kokwijuka akageuka kutazama mzigo. Nyuma, umefungwa kwa kamba ya katani, ulilala mtumbwi wake. Usidhani ni mtumbwi wa samaki. Ni ule wa kukamulia ndizi, gogo zima la mvule lililochongwa tumbo, urefu wa watu wawili waliolala. Mama yake alikanyaga ndizi mbivu ndani yake, na yeye mwenyewe, alipofiwa na mume, akapandisha kanga magotini akakanyaga. Juisi ikachanganywa na mtama wa kukaanga, ikafunikwa kwa majani ya mgomba, ikawa rubisi. Rubisi hiyo ndiyo iliyomvisha na kumsomesha binti yake Jovitha. Rubisi hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya atengwe na Meza ya Bwana, akahamia benchi la mwisho kanisani, kule wanakokaa watu wasioulizwa neno.

Sasa kesho yake, Jumapili, Jovitha alikuwa anapata kipaimara. Angekula Chakula cha Bwana kwa mara ya kwanza. Mama mtu alitaka kitu kimoja tu duniani: kupiga magoti kando ya mwanawe. Wazee wakampa sharti. Alete mtumbwi kanisani, ng'ambo ya bonde, upasuliwe na kuchomwa mbele ya watu wote. Akakubali. Mama ni mama.

Asubuhi hiyo, uani kwake Nyakatuntu, Ta Egbert hakuweza kungoja. Alipiga pigo la kwanza hapo hapo, watu wakaimba, na shoka likaacha ufa chini ya mtumbwi wa kupitisha vidole. Kokwijuka hakulia. Alichukua kamba, akaanza kuufunga garini.

Maji yakapiga mlango wa gari.

"Shukeni!" Lameck alipiga kelele. "Kalavati linakwenda!"

Hawakuwahi. Tuta lilishuka chini yao, kirikuu kikalala ubavu, na dunia yote ikawa maji na matope. Kokwijuka alitoka kupitia dirishani bila kujua ametokaje. Alikunywa maji, akayatapika, akapapasa, mkono ukakutana na kamba. Ilikuwa kamba ya mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa umechomoka garini na kuelea, uwazi wake juu, umetulia kabisa. Lameck alikuwa ameshaukumbatia upande wa pili.

"Ta Egbert yuko wapi?"

Alikuwa nyuma yao, kichwa kinazama na kuibuka. Mlango wa gari ulikuwa umemvunja mguu. Kokwijuka akamfikia, naye mzee akamkaba shingo kwa mkono mmoja. Wahenga hawakukosea: mfa maji haachi kutapatapa. Walizama wote wawili. Walipoibuka, Kokwijuka alimzaba kofi ambalo Nyakatuntu yote ingelisikia.

"Tulia nikuvute, mzee! Au nikuache?"

Akatulia. Wakamvuta mpaka mtumbwini, wakamsukumia ndani kama gunia la kahawa, nao wakapanda. Hapo ndipo Kokwijuka alipoona kilichokuwa katika mkono wa pili wa mzee. Alikuwa bado ameshika shoka.

"Mawe, mama yangu!" alisema Kokwijuka. "Mguu umeuacha, shoka umeliokoa."

Mkondo uliwabeba. Tuta lilipotea nyuma, na mafunjo, marefu kuliko mtu, yakafunga pande zote. Mtumbwi ulianza kunywa. Maji yalipanda kutoka chini, penye ufa, yakafika kwenye vifundo vya Ta Egbert. Alipotazama yanakotoka, uso wake ulibadilika. Alipatambua mahali penyewe.

"Vua koti," Kokwijuka alimwambia.

"Koti la nini?"

"La kuziba. Vua, waitu, mzee wetu, tusibishane."

Alilikunja lile koti, akalishindilia ufani pamoja na udongo mzito wa mizizi ya mafunjo, kisha akaushika mguu wa mzee uliokuwa mzima na kuuweka juu yake.

"Kandamiza kwa kisigino. Usiuondoe. Ulipafungua mwenyewe, utapafunga mwenyewe."

Shoka sasa likapata kazi ya heshima. Lameck alikata mafunjo, Kokwijuka akayafunga mafungu manene kwa kamba ya katani na kuyabana ubavuni, huku na huku, mtumbwi usipinduke. Mabua mengine aliyapanga kandokando ya mguu uliovunjika, akayafunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Mzee alipiga yowe. Yeye aliendelea kufunga, na alipomaliza alimfuta jasho usoni.

"Maji haya yanaelekea wapi?" Lameck aliuliza.

"Kagera. Tukifika mto mkubwa, hatutoki. Mlima wa ng'ambo unauona? Uweke mbele ya pua yako, tukate mkondo."

Walikata mkondo. Lameck alipiga kasia kwa ubao wa bodi ya gari uliokuwa ukielea, Kokwijuka kwa mikono. Mafunjo yaliwachana mikono, ruba wakawang'ang'ania miguuni. Walipopenya ukuta mmoja wa mafunjo walikuta mwingine, na kila walipopumzika mkondo uliwarudisha. Mchana ulikwisha namna hiyo. Mara moja maji mbele yao yalivimba, kikatokea kichwa cha kiboko, masikio yanatikisika, macho madogo yamewakazia. Lameck akainua ubao.

"Teremsha," Kokwijuka alinong'ona. "Hapa ni kwake."

Wakakaa kimya bila kupumua vizuri. Mnyama aliwatazama, akapuliza pua, akazama. Mtumbwi uliinuka kidogo alipopita chini yake, ukarudi ulivyokuwa. Lameck alianza kucheka na machozi yanamtoka.

"Hii ndiyo safina," alisema. "Sisi ndio wanyama."

"Safina?" Ta Egbert alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Safina haikuwa chombo cha pombe."

"Na huyo Nuhu wako," Kokwijuka akamjibu papo hapo, "aliposhuka safinani alipanda nini? Mizabibu. Ya kupambia nyumba?"

Ta Egbert akarudisha macho kwenye kisigino chake.

Giza liliwakuta wamenasa kwenye mafunjo, mvua imeanza upya. Mzee alikuwa anawaka homa. Maji tele kila upande, lakini yalinuka mizoga. Chini ya mkono wa kushikia, mbele ya mtumbwi, Kokwijuka alikuwa amefunga dumu dogo la juisi ya ndizi, aliyoikamua jana kwa ajili ya sherehe ya Jovitha. Ya mwisho, alikuwa amejiambia. Akalifungua, akampa mzee.

"Imechacha?" Ta Egbert aliuliza.

"Inafikiria."

Mzee alilishika dumu muda mrefu. Kisha akanywa, akanywa tena, akalirudisha bila kumtazama mtu.

"Mama Jovitha," alisema baadaye, "niacheni. Mnitupe majini, mtumbwi uwe mwepesi. Hii ni hukumu yangu."

"Hufi!" Kokwijuka alifoka mpaka Lameck akashtuka. "Hufi humu, Ta Egbert! Miaka yote hiyo umenihesabu kuwa si mtu, leo unataka kufa ndani ya mtumbwi wangu waseme nimekuua kwa pombe? Utafika. Hata kwa kukokotwa utafika. Kisigino chako kiko wapi?"

"Kipo."

"Kandamiza!"

Halafu akainua uso kwenye mvua, na aliyemsemesha sasa hakuwa mzee. Sauti haikushuka.

"Na Wewe, Baba! Mimi ni Kokwijuka wa benchi la nyuma, unanifahamu. Wanasema mimi si wa mezani kwako. Nimekubali kila walichosema. Nimeutoa mtumbwi wa mama yangu. Sasa wote wamenyamaza, nakuuliza Mwenyewe: kama hunitaki, mbona huu unaelea? Una ufa, umebeba watu watatu, mbona unaelea? Nitazame. Sina cheo, sina wa kunisemea. Kesho mwanangu anapiga magoti, nami nitakuwepo. Sikuombi. Nakwambia!"

Radi ilipasua huko upande wa Rwanda. Lameck alijikunyata, akisubiri wapigwe wote. Hawakupigwa. Mvua iliendelea tu kunyesha, na Kokwijuka akaanza kuchota maji mtumbwini kwa viganja vyake, akayachota mpaka mikono ikafa ganzi. Alikuwa anaogopa, tena sana. Lakini moyoni mlikuwa na utulivu ambao hakuupata kwa mchungaji wala kwa wazee, utulivu wa mtoto aliyempigia baba yake kelele na bado hajafukuzwa nyumbani.

Kulipopambazuka hapakuwa na mlima. Ukungu ulikuwa umemeza kila kitu. Mkondo ulikuwa umewachomoa mafunjoni, na sasa walizunguka polepole kwenye maji mapana. Lameck alishika ubao asijue apige kuelekea wapi.

"Ng'ambo ni upande gani?"

Hakuna aliyejua. Kwa mbali, chini, walisikia mto mkubwa ukinguruma.

Kisha ikaja sauti nyingine. Ngaa. Ngaa. Ngaa. Chuma kwenye chuma.

"Kengele ya kwanza," Ta Egbert alisema, akijiinua kwa kiwiko. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ile rimu ya lori, pale kanisani. Niliitundika mimi. Iko kule, mkono wa kulia. Pigeni kasia! Pigeni kabla mpiga kengele hajaacha!"

Wakapiga. Jinsi walivyopiga yale maji, ungeapa walikuwa wamelala usiku kucha. Kengele ilinyamaza, wakaendelea kulenga pale iliponyamazia, mzee akielekeza kwa kidole na kukandamiza kwa kisigino, mpaka pua ya mtumbwi ikagonga udongo na migomba ikatokea ukunguni. Juu ya ukingo alisimama mwanamke na ndoo kichwani. Ndoo ilianguka.

"Yesu wangu! Mama Jovitha!"

Alikuwa Gloriose, Mrundi anayelima kibarua kwenye mashamba ya kahawa, jirani ya Kokwijuka kwenye benchi la nyuma. Aliingia majini na nguo zake za ibada, akiita wenzake. Walikuja mbio vibarua waliokuwa wakijiandaa kwenda kanisani, wakawavuta nchi kavu. Lameck alilala kifudifudi, akashika majani kwa mikono miwili, hataki kuyaachia.

"Mguu huu ni wa hospitali ya Kayanga," Gloriose alisema. "Gari liko kanisani. Tutambebaje?"

Kokwijuka aliutazama mtumbwi. Mzee alikuwa hajatoka ndani yake.

"Na huo huo," alisema.

Wakakata mafungu ya mafunjo, wakauinua mabegani.

Uwanjani mwa kanisa ibada ilikuwa haijaanza. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka kwenye tuta, wamekuta kirikuu kimezama na hakuna mtu. Wanawake wameketi chini, wanalia. Katikati ya uwanja kuni zilizopangwa tangu jana zilikuwa bado zinasubiri mtumbwi. Jovitha alisimama kando ya kuni hizo na gauni lake jeupe, hatazami mtu.

Kwanza aliona mtumbwi ukipanda njia, juu ya mabega ya vibarua. Halafu akamwona mama yake, matope mpaka nyweleni, anatembea mbele. Alipiga yowe, akakimbia, na gauni jeupe halikuwa jeupe tena.

Mchungaji alikuja mikono wazi, machozi yanamtoka. Watu wakaimba, wakashangilia, wakamshukuru Mungu. Na kwa sababu binadamu ni binadamu, mzee mmoja wa kanisa alisogea karibu na kusema, "Basi mshusheni Ta Egbert, kazi ya mtumbwi imalizwe. Kuni zipo."

Uwanja ukapoa. Kokwijuka alifungua kinywa, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Sishuki," Ta Egbert alisema.

"Ta Egbert, gari la hospitali..."

"Nimesema sishuki! Nimelala humu usiku kucha. Nimekunywa humu, nanyi mjue hivyo. Huu ufa niliutoboa mimi, na Mungu akaniweka juu yake niuzibe kwa mguu wangu mwenyewe. Anayetaka kuuchoma anichome nao. Leteni kiberiti!"

Hakuna aliyeleta kiberiti. Mzee aliyetaja kuni alirudi nyuma taratibu, akaanza kutazama viatu vyake.

"Mama Jovitha," mchungaji alisema kwa upole, "wewe unasemaje? Unaahidi nini?"

Watu wote walimtazama. Hapo mtu angetegemea apige magoti, aseme maneno ya toba, mambo yaishe. Kokwijuka alimshika Jovitha mkono.

"Siahidi kitu, mchungaji. Nimechoka. Jana niliwaletea ninyi mtumbwi. Leo Yeye kaniletea mimi. Nimekuja kula na mwanangu."

Akaingia kanisani. Alilipita benchi la nyuma. Gloriose, ndoo yake imebaki ukingoni, nguo zinachuruzika, alimfuata bila kuitwa. Nyayo za matope zikachora njia mpaka mbele.

Wakati wa Meza ulipofika, waliopata kipaimara walipiga magoti kwenye reli ya madhabahu. Kokwijuka akasimama. Kanisa zima lilisikia kanga yake mbichi ikichapa miguu. Pale mbele palikuwa pamejaa, bega kwa bega, pasipo nafasi hata ya mtoto.

Jovitha akasogea. Wa pembeni yake naye akasogea, na wa pembeni yake. Kokwijuka akapiga magoti, akakinga kiganja kilichochanwa na mafunjo.

Mchungaji akafika mbele yake. Nje, kupitia dirishani, gari lilikuwa linanguruma na watu wanambembeleza Ta Egbert ashuke mtumbwini, naye anakataa.

Mkate ukashuka kiganjani.