Waya wa Pampu

Betri ya mashua ilikuwa chini mchangani, imefunikwa gunia, na hata hivyo taa ya mlingotini iliwaka.

Fundi aliitazama mpaka ikazimika yenyewe. Jua lilikuwa kali; akajiambia ni mng'ao wa kioo tu. Akarudi kuchomoa nyaya kuukuu.

"Mafundi nyinyi," dada yake alimtania kutoka chini, "mkianza kazi vijana, mnaimaliza wazee."

"Haraka haraka haina baraka, dada."

Haraka ndiyo iliyomuua shemeji yake. Pampu ya kutolea maji hufungwa moja kwa moja kwenye betri, ili mashua ikivuja iamke yenyewe, hata kama vyote vimezimwa. Fundi mwenyewe, akiwahi kazi nyingine, aliipitisha kwenye swichi kuu. Shemeji akazima swichi kutunza betri, akajilaza chini ya sitaha. Maji yakaingia. Pampu ikalala pamoja naye.

"Wakwe wanasema mume wangu alizembea," dada alisema, sauti ikishuka. "Eti alisahau pampu. Mwanangu anachekwa kwa ajili ya baba yake. Wengine wanasema humo mna jini. Wewe ndiye uliyeifunga, kaka. Ilikuwa na kasoro?"

Kabla hajajibu, pampu ikavuma. Ilianza polepole, kama mtu anayekoroma chumba cha pili, na harufu ya tepu ya umeme iliyoungua ikamjaa puani, ikifuatwa na harufu ya shati lililolowa siku nyingi, na huku nyaya zake zikiwa mkononi mwa fundi, zimekatwa, hazijagusa kitu, bomba la ubavuni likaanza kutapika maji ya chumvi juu ya mchanga mkavu, na ndani ya mvumo ule mtu akakohoa kikohozi cha shemeji, kile alichokuwa akikohoa akitaka watu wanyamaze, kisha akangoja.

"Kaka," dada alinong'ona, "inavuta maji ya wapi?"

"Sijui."

"Basi nijibu. Ilikuwa na kasoro?"

Mashua nzima ilisikiliza.

"Haikuwa nayo," fundi alisema. "Alisahau tu, dada. Binadamu husahau."

Pampu ikanyamaza. Dada akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Angalau nimejua," akasema, akaondoka ameinamisha kichwa.

Fundi alishusha pumzi. Haikushuka yote. Akakohoa, na kiganjani pakabaki maji ya chumvi na kipande cha tepu nyeusi. Kisha, chini ya mbavu zake, polepole, kama mtu anayekoroma chumba cha pili, kitu kikaanza kuvuma.