Vidole Sita Kwenye Mguu wa Ndambuki

"Bisha, daktari. Bisha tu, halafu uangalie mguu."

Ndambuki, dalali wa ploti mwenye domo kuliko wote Kitengela, alivuta suruali upande wa kulia. Mguu ulikuwa umefura, unang'aa. Juu ya kifundo kulikuwa na mashimo ya vidole, yamezama kama kwenye unga wa chapati.

Daktari Evalyne aliyahesabu. "Nani amekubonyeza?"

"Si mtu. Mtu ako na vidole tano. Hizo ni sita."

Wacuka, bibi yake, akaanza kulia.

"Mama Judy, wacha hiyo," mumewe akamwambia. "Mimi nimeuzia watu mawe matupu huko Kajiado na wakanishukuru. Jini ndiyo itanishinda?"

Ilianza na harufu ya petroli sebuleni, saa saba mchana, na gari hana. Halafu akasikia maji yakichemka. Sufuria zilikuwa kavu. Maji yalikuwa kifuani mwake. Tangu hapo kila akilala chali kitu kilimpanda, kikishika muundi kwanza, halafu paja, halafu tumbo, taratibu kama fundi anayepanda ngazi, mpaka kikamkalia kifua, na akiongeza mto kinangoja aongeze mwingine, mpaka siku hizi analala ameketi, macho wazi, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikimbembeleza kutoka kona ya chumba: "Lala, bosi. Lala tu."

"Na mimi humjibu," Ndambuki akajigamba, akihema. "Namuuliza, uko na hati ya hiki kifua? Huna? Toka!"

"Huyo jini alikupata wapi?" daktari akauliza.

"Isinya. Niling'oa bikoni ya ploti, lile jiwe la mpaka, chini kukawa na nywele."

Daktari aliweka kipimo kifuani, akasikiliza sana. "Jini sijui. Maji nayajua. Moyo wako umechoka kusukuma damu, maji yanajaa mapafu. Dawa ziko, lakini kabla nichague lazima nijue kila kitu umeingiza mwilini. Umeniambia yote?"

Harufu ya petroli ikajaa chumba.

"Sema ni hayo yote," sauti ya Ndambuki mwenyewe ikamnong'oneza sikioni. "Sema umemaliza, twende nyumbani."

Wacuka akapiga kelele. Shavu la mumewe lilikuwa likibonyea lenyewe: shimo moja, mawili, sita, mdomo ukifungwa kwa nguvu.

Ndambuki akakinyanyua kichwa, jasho likimtiririka, akautoa mdomo wake kwenye ule mkono usioonekana kama mtu anayeng'oa msumari.

"Huna hati!" akafoka. Halafu akamgeukia daktari, sauti ikiwa ndogo. "Hakukuwa na bikoni. Mteja alimwaga kokeini kwa boneti ya gari lake, akaniambia, onja, bosi. Nikaonja. Ni miaka miwili sasa. Hata leo nimevuta, hapo kwa choo yenu."

Wacuka akavuta kiti chake mbali naye.

Ndambuki akanyoosha mguu wa kushoto, ule ambao hakuwa ameuonyesha.

"Ingine iko kwa soksi. Toa wewe, daktari. Mimi mkono wangu jini ameshaushika."