Meno ya Kampuni

"Lete mbuzi kwanza, ndiyo twende," Mama aliniambia.

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mteremko wa Elgeyo. Nilikuwa nimetoka Molo na pikapu ya mume wangu kuja kumhamisha. Mgodi ulifungwa, majirani wote wakatoka kwenye nyumba za kampuni, akabaki yeye peke yake kama mlinzi asiye na mshahara. Mimi nilikuwa nimeapa siondoki pale bila mama yangu.

"Na Kimeli akirudi, atapata nani?" akauliza, kama kawaida yake.

Kimeli ni kaka yangu. Baruti ilimwangushia mwamba shimoni, wakati kampuni ilikuwa bado inachimba, na mwili haukupatikana. Mama alikataa matanga. Kila jioni anamwekea sahani ya ugali, na kila asubuhi anawamwagia kuku.

"Mama, funga vitu. Leo sina mchezo."

"Sawa. Lete mbuzi."

Nikashuka shimoni nikinung'unika. Siku hizi shimo limejaa maji ya kijani. Tukiwa watoto, mtaalamu wa kampuni alikuja shuleni akatuambia kwamba bonde lilipopasuka zamani, maji moto yalipanda kwenye nyufa, yakala mawe ya chokaa, yakaacha floraiti. Ni mawe ya zambarau na kijani. Malori yaliyabeba mpaka bandarini, yakaenda kuyeyusha chuma cha watu wa mbali. Wazee wetu walisema tu hayo maji yana wenyewe, na wenyewe hawakuulizwa.

Mimi ninachojua ni kwamba maji ya pale yanakula meno. Sisi wote tuliokulia pale, meno yetu ni kahawia kama chai ya strungi. Mama, mimi, Kimeli. Nilipoenda sekondari Molo waliniita Meno ya Kampuni, na kuna msichana nilimtoa damu puani kwa sababu ya hilo jina.

Mbuzi walikuwa wamesimama ukingoni. Hawali. Hawalii. Mmoja alikuwa amelala, tumbo limepasuliwa, matumbo yamevutwa mpaka ndani ya maji. Yalikuwa bado yanatoa mvuke.

Kisha nikasikia harufu ya baruti. Baruti gani, na mgodi ulifungwa?

"Cheruto… kuja."

Sauti ya Mama.

Ilitoka majini.

Woi! Sikuangalia mbuzi tena. Nilikimbia mpaka viatu vikanitoka, nikasukuma mlango wa nyumba.

Mama alikuwa pale karibu na moto, shali mabegani. Kando yake mwanamume alikuwa anakula ugali. Shati la kazi la kampuni. Vumbi jeupe kwenye nywele.

"Kaka yako amerudi," Mama akaninong'oneza, machozi yanamtiririka. "Si nilikwambia?"

Nilifurahi. Haki ya Mungu, kwanza nilifurahi. Ni pua yake, ni mabega yake, ni lile kovu la kwenye nyusi.

Halafu akatabasamu.

Meno meupe pe. Kama maziwa.

"Mama," nikanong'ona, "toka hapo polepole. Huyo si Kimeli. Angalia meno."

Yule mtu akaacha kutafuna. Akamkamata Mama shingoni, akamsukuma uso kuelekea motoni. Mama akapiga mayowe. Nikamrukia, nikamng'ata mkono, na mdomoni nikahisi mchanga.

Figa moja la Mama lilikuwa jiwe la mgodini. Nilishamkanya mara nyingi, kwa maana jiwe lile likipata moto sana linang'aa, kisha linapasuka. Sasa lilikuwa linang'aa, kijani kibichi, likatuangaza sote watatu…

Paa!

Makaa yakaruka kila upande. Kipande kikanichana shavu. Moshi, giza, mtu anakoroma.

"Shindwe!" nikapiga kelele. "Shindwe katika jina la Yesu!"

Nikapapasa. Nikashika shali ya Mama. Nikashika mkono wake, wa baridi, nikauvuta. Mlangoni nikachukua mtaimbo wa Kimeli, ule Mama aliweka kama kumbukumbu. Tukakimbilia pikapu.

Nyuma yetu, hatua zinajikokota.

"Cheruto! Usiniache! Huyo si mimi!"

Sauti ya Mama tena. Lakini hiyo sauti nilikuwa nimeisikia ikitoka majini, na mimi sidanganywi mara mbili.

"Ni lenyewe," akanong'ona niliyemshika mkono. "Piga."

Nikageuka, nikapiga. Nilipiga mdomoni, linyamaze. Kitu kikavunjika, likaanguka, likajaribu kuniita tena, jina langu likitoka na damu. Nikapiga tena kwa ajili ya Kimeli. Nikapiga tena kwa ajili ya Mama. Nilipiga mpaka likanyamaza kabisa, halafu nikautupa mtaimbo nyuma, ndani ya pikapu.

Njia yote Mama alikaa kimya, shali imefunika mdomo. Sikumlaumu. Mimi nilikuwa naendesha nikilia kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimemtoa.

Asubuhi Molo ilikuwa na ukungu na baridi yake ya kila siku. Nikapika chai. Binti yangu Abby akaenda mbio kwa nyanya yake, akajitupa mapajani.

"Kogo, si ucheke kidogo!"

Kogo akashusha shali, akacheka.

Kikombe kikaniponyoka. Sikuokota vipande. Nilitoka nje mpaka kwenye pikapu. Mtaimbo ulikuwa pale, damu imekauka, nywele za mvi zimeshika. Na kwenye ncha, jino moja limenata. Nikalisugua kwa kidole. Nikalitemea mate, nikalisugua kwa sweta, nikiomba iwe ni uchafu tu.

Kahawia.

Ndani ya nyumba Abby alikuwa bado amepakatwa, namsikia akichekacheka. Kisha kicheko chake kikakatika.

"Cheruto… kuja."