Jina Chini ya Kisu cha Ovaloki

Vumbi lilikuwa jeusi. Fundi alilikomba kwa brashi kutoka tumboni mwa mashine, akalimwaga kiganjani, akalitazama mara mbili. Wiki nzima ovaloki ile, mashine ya kufunga kingo za nguo, ilikuwa imekula mashati meupe ya shule, kwa nyuzi nne nyeupe. Weusi umetoka wapi?

"Somo," aliita, "jana ulipitisha kitu cheusi hapa?"

"Cheusi? Labda moyo wangu!" mwenzake alijibu kutoka kwenye pasi, na wote wawili wakacheka.

Walikuwa na jina moja, ndiyo maana waliitana somo. Mwaka wa tisa huo walichangia chumba cha ushonaji: mbele cherehani mbili na ovaloki, nyuma, ukipita mlango mwembamba, meza ya pasi. Kila mmoja alikuwa na cherehani yake. Ovaloki ilikuwa ya wote, na cha wote hakina mlezi, kwa hiyo fundi ndiye aliyeifagia kila jioni, akaitia mafuta, akabadilisha sindano zilizopinda. Alijivunia kazi hiyo kuliko inavyompasa mja. Mungu amsamehe.

Kisha ikaja harufu, ya nywele zilizoungua. Ilipanda kila alipokanyaga pedali, na somo akasema yeye hasikii kitu. Adhuhuri moja fundi alikuwa uani akitia udhu peke yake, akaisikia mashine ikisaga meno ndani, haraka-haraka. Alikimbilia mlangoni miguu ikichuruzika maji. Waya ulikuwa umechomolewa, umelala sakafuni, lakini gurudumu lilikuwa bado likizunguka, polepole, kama kifua cha mtu aliyetoka mbio.

Baada ya hapo yakaanza macho. Kila alipoikalia ovaloki aliinuka na ukungu, na kila siku ukungu ulikuwa mzito kuliko wa jana, hata asubuhi moja akashindwa kupitisha uzi kwenye ndoano ya chini, kazi aliyozoea kuifanya huku anapiga soga. Alikuwa mjane. Macho yale ndiyo yaliyokuwa mume wake na shamba lake.

"Ni umri huo, somo," mwenzake alimpapasa bega. "Mimi mwaka jana tundu la sindano nililiona kwa kubahatisha. Leo naona hadi dhambi za watu!"

Fundi akacheka tena. Alimpenda.

Alhamisi kisu cha ovaloki kikaanza kutafuna kitambaa badala ya kukikata. Fundi alishika bisibisi, akalegeza bamba kwa kupapasa, akaingiza vidole chini ya kisu. Akagusa kitu laini, kinene kama kidole gumba. Alikitoa, akakisogeza hadi karibu na pua.

Ilikuwa hirizi ya kitambaa cha kijani. Kipande cha mtandio wake! Ule uliopotea mwezi wa kwanza, na somo ndiye aliyeutafuta kuliko wote, akainua hata mkeka. Pembe za hirizi zilikuwa zimepigwa ovaloki vizuri, na mkia wa uzi haukukatwa. Ulirudishwa ndani ya mishono kwa sindano nene, ukafungwa mafundo mawili.

Mkono wa fundi ukatulia. Watu wengi huukata mkia wa ovaloki na kujiendea zao. Kuurudisha ndani na kuufunga mara mbili alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu duniani.

Ndani mlikuwa na karatasi. Ilichorwa macho mawili, na chini yake likaandikwa jina lake.

Angeniambia macho yanamsumbua, fundi aliwaza, ningemshonea sehemu yake na yangu hadi Mungu atuchukue. Hakuomba. Aliiba.

Alivuka barabara kwa kupapasa ukuta, akamleta ustadhi wa madrasa. Somo alikuwa nyuma, pasi ikifuka mvuke.

Ustadhi aliisoma karatasi, akashusha sauti. "Mama, hili jini limepewa jina, halikupewa sura. Nikisoma litabanwa, na likibanwa litaita mara tatu, kwa namna yoyote litakayotaka. Mwenye jina hili akiitika, litaondoka na macho yake. Asipoitika mtu, litaondoka mikono mitupu. Wewe uma meno. Kuna mwingine humu mwenye jina hili?"

"Hakuna, ustadhi."

Jibu lilimtoka upesi, kabla hajajua kama ni ulimi au moyo uliosema.

Ustadhi akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na harufu ya nywele ikajaa chumba hadi ikawa kama kitu cha kutafuna, na ovaloki, waya wake ukiwa sakafuni, ikanguruma yenyewe, kisu kikipanda na kushuka bila kitambaa, koni nne zikizunguka na kumwaga uzi ambao ulitoka mweupe juu na kufika chini mweusi, na katikati ya mngurumo ule pumzi ya moto ikamgusa fundi sikioni ikamnong'oneza jina lake, naye akauma meno, ikamwita mara ya pili kwa sauti ya marehemu mama yake, ile ya kumwitia chakula utotoni, naye akauma kanga mdomoni huku machozi yakimtoka, kwa kuwa alijua bado mara moja, na alijua pia kwamba kutoka pale hadi mlango wa nyuma ni hatua nne, hatua nne tu za kwenda kumziba mwenzake mdomo, na akazihesabu, moja, mbili, tatu, nne, na hakuinua mguu.

Mara ya tatu mashine iliita kwa sauti ya fundi mwenyewe.

"Somo!"

"Abee, somo!" ilijibu sauti kutoka kwenye pasi, changamfu kama ilivyojibu miaka yote tisa.

Ovaloki ikasimama. Ustadhi alimgeukia fundi, midomo imempauka. "Ulisema hakuna." Na fundi, kutoka pale aliposimama, aliona kila unywele wa ndevu zake, na nyuma yake tundu la sindano, limetulia, safi kabisa.

Huko nyuma kitu kizito kilianguka sakafuni.

"Somo," sauti iliita, sasa imekuwa ndogo. "Mbona umefunga madirisha?"

Madirisha yote yalikuwa wazi, na jua la adhuhuri limefika hadi kwenye meza ya pasi.

"Nakuja kuyafungua, somo," fundi alisema.