Boke Aliyeandikwa Yupo

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijapigwa, Wegesa alikuwa ameshafagia sehemu yake ya uwanja, amenawa vumbi miguuni, na amesimama mbele ya darasa la sita na daftari la mahudhurio mkononi. Alikuwa monita. Kuita majina ilikuwa kazi ya mwalimu wa darasa, lakini shule ile ilikuwa na walimu saba na wanafunzi zaidi ya mia tisa, kwa hiyo mwalimu alimwachia daftari na kuja kutia sahihi baadaye. Jina likiitwa, mwenyewe anaitika "nipo," na Wegesa anaweka vema kwa kalamu ya bluu. Asiyeitika huandikwa mtoro kwa kalamu nyekundu.

Kalamu ile nyekundu ilikuwa haijapungua wino. Siyo kwamba watoro hawakuwapo. Tangu dhahabu ilipoonekana kwenye kilima nyuma ya kijiji, mwendo wa saa moja kutoka Nyamongo, watu walikuwa wamemiminika kutoka Tarime, Mugumu, Kahama, hata ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mashimo yakachimbwa, vibanda vya maturubai vikasimama, makarasha ya kusaga mawe yakanguruma kutwa nzima. Haikuchukua muda watoto wakagundua kwamba kifusi kinachotupwa na wachimbaji bado kina mawe yenye chembe za dhahabu. Anayewahi alfajiri huokota ya kujaza mfuko. Katika wanafunzi sitini na wawili wa darasa la sita, kila siku nane au kumi walikuwa kwenye kifusi.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Nyangwine, alikuwa ametangaza mstarini kwamba mtoto akitoroka siku tatu, mzazi wake ataandikiwa barua ya kuitwa ofisi ya kijiji. Boke, rafiki mkubwa wa Wegesa, hakuwa na mzazi wa kuitwa. Alikuwa na bibi yake, Bibi Agustina, ambaye miguu ilimvimba, na mdogo wake Waitara wa miaka minne. Aliyekuwa akiilisha nyumba ile ni Boke mwenyewe.

"Wewe niandikie nipo," Boke alimwambia siku ya kwanza. "Nikitoka kifusi nakuja moja kwa moja. Saa nne nimefika."

"Saa nne watu tumeshasoma vipindi viwili. Hiyo ni nipo ya namna gani?"

"Nipo ya uji."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wegesa akaweka vema. Wiki iliyofuata Nashoni, mvulana wa dawati la nyuma ambaye hakuacha utani hata akiwa anachapwa, alimfuata akikunja uso kama mzee.

"Monita, hata mimi bibi yangu ana miguu."

"Kila bibi ana miguu, mura."

"Basi tuhurumie wote."

Wakahurumiwa wote. Darasa la sita likawa linasifiwa mstarini kwa mahudhurio mazuri, na shule nzima ikalipigia makofi. Wegesa alisimama mbele akijisikia mtu mwema.

Mvua za Machi zilikuja na kipindupindu. Mchimbaji mmoja alianza kuharisha na kutapika asubuhi, na kabla jua halijazama alikuwa maiti. Wiki hiyo walikufa watano. Mahema meupe yakasimamishwa kando ya zahanati, na misiba ya kijiji ikakatazwa kupika chakula.

Shuleni, mwalimu wa afya alikuwa Mwalimu Kauthar, mwanamke mdogo wa umbo, mzaliwa wa Mugumu. Kwa siku mbili hakukaa chini. Kila mlango wa darasa na wa choo uliwekewa kibuyu chirizi, yaani dumu lenye tundu linaloning'inia kwenye kamba. Unakanyaga kijiti, maji yanatiririka, na mkono haugusi kitu. Maji ya tangi yakatiwa dawa. Mama Mwajuma, mpishi wa uji, akaambiwa asimpe mtoto yeyote uji usiotoa moshi. Kisha Mwalimu Kauthar akawaita mamonita wote ofisini.

"Ugonjwa huu unaua kwa saa," alisema. "Mtoto akianza kuharisha alfajiri, jioni anaweza asiwepo. Mimi siwezi kuona ndani ya kila nyumba. Ninyi ndio mtakaonionesha. Saa mbili kamili nataka majina ya wasiokuja. Nesi atapanda pikipiki, atapita nyumba zao na dawa. Sitaki fimbo, sitaki maneno. Nataka majina."

Wegesa alitaka kunyoosha mkono. Lakini darasa lisilokuwa na mtoro tangu mwaka uanze lingepataje watoro kumi kwa siku moja? Tena Mwalimu Nyangwine alikuwa amekaa palepale, na hakusema kwamba ile barua ya ofisi ya kijiji imefutwa. Mkono ukabaki mapajani.

Jioni hiyo alimwambia Boke yote.

"Nifiche mpaka Ijumaa tu," Boke akasema. "Bibi yuko Genkuru, amefiwa na dada yake. Tumebaki mimi na Waitara, na ndani hakuna hata unga. Ijumaa akirudi na unga kutoka kwa ndugu, naachana na kifusi."

"Utaacha kweli?"

"Nikikudanganya, niandike kwa nyekundu mpaka tumalize la saba."

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wegesa aliita majina, na tisa hayakuitikiwa. La Boke lilikuwa mojawapo. Akayawekea vema yote, akalipeleka daftari ofisini.

"Darasa la sita?" Mwalimu Kauthar aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wote wapo, mwalimu."

Mwalimu akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Afadhali," alisema. "Angalau darasa moja."

Saa nne Boke hakuja kunywa uji. Wegesa alisimama na kikombe, akiangalia njia ya kilimani mpaka kengele ikalia. Alijiambia kwamba mvua imemchelewesha. Kipindi cha hesabu alikosa maswali aliyoyajua. Masomo yalipokwisha saa tisa alasiri, alichukua njia ya kwa kina Boke, kwanza akitembea, halafu akikimbia, wala hakujua kwa nini anakimbia.

Waitara alikuwa amekaa kizingitini, peke yake, na kigunzi cha mahindi mkononi.

"Dada analala," alisema. "Namwamsha, hataki."

Boke alikuwa amelala juu ya mkeka uliolowa. Macho yalikuwa yamezama ndani, midomo imekauka na kupasuka, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Wegesa alipomwinua kichwa, Boke alifungua macho kidogo.

"Pikipiki ilipita asubuhi," alisema kwa sauti ndogo. "Ya nesi. Nikaisikia. Nikasema wanakuja kwangu."

Pikipiki ilikuwa imekwenda nyumba ya pili, kwa mtoto wa darasa la nne ambaye monita wake alikuwa amemwandika hayupo.

Wegesa alikimbia barabarani, akasimama katikati ya njia mpaka bodaboda mmoja akafunga breki. Walimpakia Boke katikati yao, Waitara akaachwa kwa jirani. Kwenye mahema wauguzi walimtafutia mshipa wa dripu mkono huu, wakamtafutia mkono ule, na mishipa ilikuwa imenywea. Alikufa kabla jua halijazama. Alikuwa na miaka kumi na mbili.

Alizikwa kesho yake asubuhi na watu wa afya waliovaa glavu. Ndugu walisimamishwa mbali. Hakuna aliyemwosha, hakuna aliyelala matanga, hakuna sufuria iliyoinjikwa. Bibi Agustina alifika kutoka Genkuru saa sita mchana akakuta udongo mbichi. Aliketi chini kando yake akauliza, "Ni huyu?"

Jumamosi maofisa wa afya wa wilaya walikuja shuleni na kufungua daftari la darasa la sita. Boke, Alhamisi: yupo. Wakasema kama mtoto alifika shule akiwa mzima na jioni akafa, basi shuleni kuna kitu. Tangi la maji likamwagwa. Jiko likafungwa. Mama Mwajuma akaambiwa akae nyumbani mpaka apimwe, na kabla hajafika nyumbani maneno yalikuwa yamemtangulia. "Huyo mpishi wa kuja, wa kutoka mjini Tarime, ndiye aliyetuulia mtoto," watu walisema dukani, na yeye alikuwa amesimama palepale akinunua chumvi.

Jumatatu alfajiri alirudi shuleni kukabidhi masufuria. Wegesa alimkuta akikunja kanga yake ya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nikuulize. Siku ile ya Alhamisi, Boke nilimpa uji? Mimi nyuso zenu huwa nazikumbuka. Uso wake siku hiyo siuoni. Nimelala siku mbili nautafuta." Akafuta macho kwa kanga. "Kama ni mkono wangu uliomuua, Mungu anionyeshe tu nijue."

Wegesa alishika ncha ya pili ya kanga wakaikunja. Kengele ikalia. Alikwenda darasani akasimama mbele na daftari. Akaita. Alipofika jina la Nashoni, dawati la nyuma lilinyamaza.

Aliliita mara ya pili. Kisha mara ya tatu, kwa sauti iliyowafanya wenzake wamtazame. Ndipo akatoka mbio na daftari, akapita uwanjani, hadi ofisini.

"Mwalimu, Boke hakuja Alhamisi," alisema akihema. "Mimi ndiye niliyemwandika. Anakuwa kifusi, namwandika yupo. Siku zote. Na wengine pia. Na leo Nashoni hayupo, na wengine saba hawapo."

Mwalimu Kauthar alinyanyuka. Wegesa alisubiri kofi, na angelipokea kwa shukrani. Mwalimu akauliza jambo moja tu:

"Nashoni anakaa wapi?"

Pikipiki mbili ziliondoka dakika ileile na majina manane. Nashoni walimkuta nyuma ya nyumba ya bibi yake, amejikunja ardhini, hawezi kusimama. Wawili wengine walikuwa wameanza kuharisha. Wote watatu waliwahiwa dripu, wote wakapona. Nashoni alipopata sauti, nesi alimuuliza wakiwa kilimani huwa wanakunywa maji gani. Akawaambia juu ya dimbwi lililo chini ya kifusi, ambalo watoto wote hunywa maji yake, na wachimbaji wasio na choo hujisaidia karibu yake. Hakuna ofisa aliyekuwa amefika huko, kwa sababu daftari lilionyesha watoto wako shuleni. Kabla ya saa kumi jioni lile dimbwi lilikuwa limetiwa dawa na kuzungushiwa miiba.

Kesho yake, mstarini, Mwalimu Nyangwine alimwita Mama Mwajuma mbele akamwomba radhi, shule nzima ikisikia. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Barua zangu ziliwafundisha kuficha. Hilo ni kosa langu, siyo lenu. Kuanzia leo hakuna barua. Mtoto asipokuja, tutakwenda kuuliza kuna nini."

Wiki tatu baadaye mahema yalibomolewa. Hakukuwa na mgonjwa mwingine kijijini. Siku hiyo Wegesa alimwomba Mwalimu Kauthar amsindikize kwa Bibi Agustina.

Bibi alikuwa amekaa nje, miguu ameinyoosha juani, Waitara amelala ubavuni mwake. Wegesa alipiga magoti, akaamkia, akasema yote bila kujipunguzia. Bibi alivuta kanga akamfunika Waitara.

"Kwa hiyo pikipiki ilipita," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ulimpenda mjukuu wangu."

"Ndiyo, bibi."

"Sasa mapenzi hayo mimi niyafanyie nini?" Aliuliza taratibu, kama anayetaka kweli kujua. Kisha akageuza uso. "Nguvu ya kukuchukia sina. Ya kukusamehe nayo leo sina. Nenda. Uje siku nyingine."

Njiani Wegesa alilia hadi akashindwa kutembea. Mwalimu Kauthar alimketisha kwenye jiwe akangoja anyamaze.

"Sitakuambia kwamba huna kosa," alisema. "Unalo, na utakua nalo. Lakini lielewe vizuri, lisipotee bure. Ulidhani unamkinga. Ulipomficha asionwe na wa kumwadhibu, ulimficha pia asionwe na wa kumwokoa. Daftari ni lilelile moja. Kumwandika mtu kwamba hayupo siyo kumshtaki, Wegesa. Ni kusema, huyu tunamhitaji, nendeni mkamtafute. Huruma yako ilikuwa ya kweli. Ilikosa ukweli tu, ikawa haina msaada siku ilipotakiwa."

"Nitolewe umonita, mwalimu."

"Hapana. Hakuna monita mwingine katika shule hii anayejua jina moja lina uzito gani."

Kesho yake baada ya masomo, Wegesa alirudi kwa Bibi Agustina. Akapiga magoti, akaamkia. Bibi aliitikia "marahaba" bila kumtazama. Baada ya kitambo alinyoosha kidole kwenye ndoo tupu iliyokuwa ukutani.

Wegesa akaichukua. Waitara akainuka, akamfuata nyuma njia nzima ya kisimani.