Maziwa ya Kizimba cha Saba

Panya wachanga thelathini na wanane walikuwa wamekufa, wamepangwa kwenye trei ya chuma, kila mmoja mdogo kama ncha ya kidole. Inspekta Tonka Bulić aliwatazama, kisha akamgeukia mtunza panya, Nevenka, aliyesimama pembeni na pingu mikononi. Miaka sitini na moja, na pingu!

"Ni sumu," alisema Profesa Škarica, mkuu wa maabara. "Dawa yangu huwakinga wachanga na virusi. Miaka mitatu hajafa hata mmoja. Leo wakaguzi kutoka Zagreb wanasubiri matokeo, wote chali! Huyu nilimkaripia juzi, akaniwekea kinyongo."

"Jumatatu dawa hiyo inaanza kudungwa watoto wa wodi ya uzazi, sivyo?"

"Ndiyo. Kwa hiyo harakisha."

"Mfungueni mama huyu," Tonka aliwaamuru askari wake.

Ripoti ya uchunguzi wa mizoga ilifika kabla ya saa nne. Hapakuwa na sumu. Maini na bongo vilijaa virusi vilevile walivyodungwa kwa jaribio. Lakini kizimba cha saba kilikuwa na watano hai, wananyonya kwa raha zao.

Saa nne ilipogonga, maabara nzima ilishuka kula marenda, mlo wa asubuhi wa mji huo. Split ni Split. Hata vifo havicheleweshi mchuzi wa matumbo. Nevenka peke yake alibaki na mkate wake na sardini za chumvi, kama kawaida yake.

"Mama Nevenka, hawa wa kizimba cha saba umewafanya nini?"

Nevenka aliweka mkate chini. "Utanifunga, mwanangu?"

"Sema kwanza."

"Mama yao aliwakataa siku ile ile waliyozaliwa. Wenzangu walikuwa wameshuka kula. Nikawasugua kwa matandiko ya panya mwingine mwenye maziwa, asije akashtuka harufu, nikamwekea awanyonyeshe. Yeye aliwahi kuugua virusi hivyo akapona. Sikuandika daftarini. Najua ni kosa."

"Na miaka mitatu yote, nani alichagua mama wa kunyonyesha?"

"Profesa mwenyewe. Siku zote waliougua wakapona. Safari hii wakaguzi walileta mama wa kwao, wasiowahi kuugua."

Damu ilimchemka Tonka. Mama aliyepona huwapa anaowanyonyesha kingamwili kwenye maziwa. Maziwa yaliwaokoa panya, sifa akala Profesa!

Škarica alirudi akijifuta midomo.

"Marenda ilikuwa tamu, Profesa?"

"Amekiri?"

"Bado. Nakungoja wewe. Dawa yako inakinga?"

"Haidhuru mtu."

"Sijauliza kama inadhuru. Mtoto wa siku moja, inamkinga?"

Profesa alitazama trei. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

"Hapana," alisema. "Haijawahi. Lakini nilikwisha kutangaza! Mji mzima uliniita mwokozi wa watoto. Ningerudije nyuma?"

"Ukaona umtwike lawama mama wa watu?"

"Nani angemsikiliza? Mzoa vinyesi!"

"Mimi nimemsikiliza," alisema Tonka, akamfunga pingu zile zile. Alitamani kumzaba kofi. Badala yake alipiga simu wodini: Jumatatu isidungwe hata tone.

Nevenka alikuwa bado amesimama mbele ya kizimba cha saba.

"Inspekta, jaribio likiisha, kanuni inasema tuwaue hata waliopona."

"Hao ni mashahidi wangu, mama," alisema Tonka. "Walishe vizuri."